Mama Watatu wa Noella

Fort Lisle, 12 Oktoba 2003

Mama mdogo Ernestine,

Shikamoo. Shikamoo nyingine mbili ni za mama yangu Bertha na mama mkubwa Alphonsine. Mfikishie kila mmoja yake, usizile njiani. Mimi ni mzima, ila magoti yamekwisha kujua kwamba baridi inakuja. Samaki wa moshi walifika. Jengo zima lilijua wamefika, na jirani wa juu alinigongea kuuliza kama kuna moto. Nilimpa kipande, sasa ananisalimia kila asubuhi.

Kazi ya jikoni pale shuleni inaendelea. Watoto hawali karoti, mwalimu mkuu ananilaumu mimi, kana kwamba karoti nimeziumba mimi.

Sasa nisikilize. Jumanne alikuja mtu mlangoni, mrefu, viatu vyembamba vya kipuuzi kwa hali hii ya hewa. Nilidhani anauza Biblia. Kumbe ni afande. Jina lake Halldorson, amehamishiwa hapa kutoka kusini, na amepewa mafaili ya wanawake waliopotea ambayo hayana mwenyewe. La kwanza alilofungua ni la dada yangu Noella.

Nilimwambia ukweli wangu palepale mlangoni. Nilimwambia mwaka wa tatu huu, na kila nilipokwenda kituoni niliambiwa wanawake wa aina ile huondoka na kurudi wapendavyo. Nikamuuliza, aina ipi? Anayekunywa siku ya mshahara? Anayesimama barabarani kwa kuwa chumba hakilipiki? Hakubishana. Akasema, "Mama, nimeyasoma. Ndiyo maana nimekuja." Basi nikamkaribisha chai. Mkate wetu wa kikaangoni aliula kama mtu aliyetoka kufunga.

Anaomba picha. Wanayo ile ya kituoni tu, aliyopigwa siku ile walipomkamata kwa ugomvi, na ndani yake hata mimi singemjua. Nitumieni moja anayocheka.

Binti yako,
Dorinda

*

Ziwa Refu, 30 Oktoba 2003

Mwanangu Dorinda,

Marahaba. Zile mbili nimezifikisha nzima. Alphonsine amesema umwambie jirani wa juu kwamba kipande cha pili hakitoki bure, lazima afagie ngazi.

Sisi hatujambo. Mama yako ameshinda blanketi kwenye bingo na sasa haongei na watu wa kawaida. Mbwa wa jirani Ezekiel ameiba paja la moswa, yule mnyama mkubwa wa msituni mwenye pembe pana, kwenye kibanda chetu cha moshi, mguu mzima mkubwa kuliko yeye, na alipokuwa akiuburuta alitutazama usoni kama mkopeshaji anayekuja kuchukua chake. Ziwa limeanza kushika barafu pembeni. Ndege ya barua inakuja ikijisikia.

Kuhusu huyo afande wako, swali la kwanza: ana mke? La pili: usimwamini kwa sababu amekula mkate. Hata huyo mbwa amekula mkate.

Picha nimeweka humu ndani. Ni ile aliyoshika samaki mkubwa mwenye meno, anacheka hadi macho yamepotea. Mwambie afande kwamba nyumbani hakuna anayemwita Noella. Tunamwita Sisip, bata, kwa vile alivyokuwa akitembea, na kwa vile alivyokuwa hatoki majini hata kwa fimbo. Nakumbuka Alphonsine aliporudi kutoka hospitali ya kifua huko kusini, mtoto akamkimbia na kujificha nyuma ya sketi yangu. Alphonsine alilia, kisha akacheka, akasema, "Basi, na mimi nitajipanga foleni." Ni mwanamke mwenye moyo, dada yangu.

Barua zako nawasomea wote kwa sauti. Kama kuna jambo hutaki nisome, andika juu kabisa.

Mama yako mdogo,
Ernestine

*

Fort Lisle, 19 Novemba 2003

HII USIISOME KWA SAUTI.

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote, na blanketi pia halijambo. Mimi mzima.

Afande ana mke, wajukuu wawili, na kitambi ambacho mke wake anasema kimeletwa na mkate wangu. Kwa hiyo acha hesabu zako.

Picha ameipenda. Ameitoa ile ya kituoni kwenye faili, akaweka hii. Aliitazama muda mrefu, akauliza ni samaki gani. Nilifurahi, Mama mdogo, sikufichi. Kwa mara ya kwanza mtu wa pale kituoni ameuliza jambo juu ya Noella ambalo si la aibu.

Humu ndani kuna kichupa na kijiti chenye pamba mwisho. Anahitaji mate ya mama yake Noella. Unasugua kijiti ndani ya shavu, unakirudisha kwenye kichupa, unafunga, unaandika jina. Usile kwanza. Usivute tumbaku. Ni mambo ya maabara tu, ya kukamilisha faili. Usiniulize zaidi maana na mimi sijui mengi.

Watoto bado hawali karoti.

Dorinda

*

Ziwa Refu, 8 Desemba 2003

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Theluji imefika kwenye dirisha la jikoni. Bertha anakohoa lakini bingo anakwenda.

Hukutaka nisome kwa sauti, lakini kichupa kilianguka kutoka kwenye bahasha mbele ya dada zangu wote wawili, nikafanyaje? Kazi imefanyika. Mdomo ulinikauka kabisa, tangu lini nikatazamwa na watu wawili nikitoa mate? Mama yako akasema, "Fikiria ndimu." Alphonsine akasema, "Mfikirie mume wako wa kwanza." Tukacheka hadi kijiti kikanidondoka, ikabidi nikipulize. Natumaini maabara hawana kinyaa.

Sikuulizi ni kwa ajili ya nini. Redio tunayo, Dorinda. Tumesikia walichokiona wavuvi kwenye mto hapo Fort Lisle, na tumesikia kwamba ni mwanamke. Hapa nyumbani hakuna aliyelitaja. Ila Alphonsine tangu siku ile anashona viatu vya ngozi, vyenye shanga juu, na hakuna aliyemuuliza ni vya nani. Mimi nimeuona unyayo aliochora. Ni wa Sisip.

Sijui ameshona ili avae akirudi au ili azikwe navyo. Nadhani hata yeye hajui. Mkono lazima ufanye kitu.

Kula vizuri. Ukipata majibu, andika hata kama ni mstari mmoja.

Ernestine

*

Fort Lisle, 20 Januari 2004

Mama mdogo,

Shikamoo zenu wote watatu. Hii isome kwa sauti, tena uwaweke wote kwenye viti kwanza. Barua yako ilikaa uwanja wa ndege kwa sababu ya ukungu, ndiyo maana mambo yote yamechelewa. Mimi mzima, nimelia tu kidogo na kucheka sana, au kinyume chake.

Wiki iliyopita afande alinipigia kazini. Akasema majibu yametoka: yule mwanamke wa mtoni si mtoto wa huyo mama aliyetoa mate. Niliangusha sufuria ya supu. Wapishi wenzangu walidhani nimepata msiba, nikawaambia hapana, nimeukosa.

Akaja jioni kunipongeza, akakaa mezani kwangu, nikakata mkate. Tukawa tunaongea tu. Akauliza, ili aandike vizuri, "Na huyu Bi. Ernestine alimzaa Noella hospitali gani?"

Nikamwambia, "Ernestine hakumzaa. Aliyemzaa ni Alphonsine."

Akaweka kikombe chini. "Nilikuomba mate ya mama yake."

"Na nimekuletea ya mama yake."

"Dorinda, ulikuwa na maana ya dada wa mama."

"Nilikuwa na maana ya mama. Alijifunza kutembea kwa nani? Aliozeshwa meno na pipi za nani?"

Mama mdogo, nilipokuandikia 'mama yake' sikufikiria hata kidogo kwamba kuna haja ya kuuliza yupi. Na wewe hukuuliza. Hata Alphonsine mwenyewe alikaa hapo akikuchekesha utoe mate, wala hakusema, 'Lete hapa, ni changu hicho.' Ni sisi tu duniani tunaoweza kukosea hivyo. Kipimo chao kinamtambua aliyezaa tu. Majibu yale ni bure. Turudie.

Nilimweleza taratibu. Nikamwambia kwa Kikri, lugha yetu sisi wenyeji wa kaskazini, dada wa mama yako humwiti kwa lile neno lao moja la Kiingereza linalomfaa kila mtu, hata dada wa baba, hata mke wa mjomba. Unamwita nikawis, mama mdogo, na mama mdogo ni mama. Watoto wa mama zako ni ndugu zako, hakuna binamu hapo. Noella ana mama watatu na dada ni mimi. Akaandika. Akauliza, "Watatu?" Nikamwambia watatu, na wote wanapiga kelele.

Kisha akafungua mkoba, akanisomea maneno ambayo afande mmoja wa zamani aliyaandika kwenye faili mwaka ule alipopotea. Nayanakili: 'Mama amepigiwa simu. Anasema binti amekwenda kwa mama yake. Amepatikana. Jalada limefungwa.'

Basi. Hawakumtafuta hata siku moja. Naomba uniambie, ni nani aliyepokea ile simu?

Kichupa kipya kimo humu. Cha ALPHONSINE.

Dorinda

*

Ziwa Refu, 11 Februari 2004

Mwanangu,

Ndege haziruki, kwa hiyo barua hii inakuja kwa lori kwenye barabara ya barafu juu ya ziwa, na dereva ni Ezekiel, Mungu atusaidie. Hatujambo. Mbwa wake yumo ndani ya lori, usimpe kitu.

Niliwasomea kwa sauti. Nilipofika kwenye 'Amepatikana' niliiweka karatasi mezani, Bertha akaichukua akaendelea yeye, na unajua Bertha hasomi mbele ya watu.

Simu aliipokea Alphonsine. Anaikumbuka neno kwa neno, na hana kosa. Mimi ndiye niliyetoa taarifa, nikasema mimi ni mama yake. Wiki moja baadaye wakapiga dukani, Alphonsine alikuwa ananunua unga, akapewa mkonga wa simu. Wakamuuliza, "Wewe ni mama wa Noella?" Akajibu ndiyo. "Alikupigia lini?" Akasema, "Hakunipigia mimi, alimpigia mama yake," maana yake mimi Ernestine, "akamwambia anakuja kwa mama yake." Yule mtu akauliza, "Kwa hiyo anakwenda kwa mama yake?" Akasema ndiyo. Yule mtu akashukuru, akakata.

Alphonsine alirudi nyumbani amefurahi. Alituambia, "Wamepiga. Ni watu wa heshima, wanafuatilia." Miaka yote hii tulikuwa tunakaa dirishani tukidhani wanatafuta.

Nina hasira, Dorinda. Nimepasua kuni za wiki nzima asubuhi moja na kiuno kinanishtaki. Mtu angeuliza swali moja tu la ziada. Angesema, 'Mama yupi?' Lakini alisikia kizee wa Kikri anamzungumzia mama wa binti yake mwenyewe, akaona huyu amelewa saa nne asubuhi, na binti wa mlevi ni nani atafutwe.

Kichupa cha Alphonsine hiki hapa. Alikuwa imara, hakucheka. Bertha naye ametoa mate yake kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, ameisafisha vizuri. Nilimwambia hawayataki. Akasema, "Safari ile walitaka ya mmoja wakapata ya mwingine. Safari hii wapate yote."

Ernestine

*

Fort Lisle, 14 Machi 2004

Mama zangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Kaeni chini. Ezekiel anangoja nje injini ikiwaka, anasema barafu ya barabara inaanza kulia kwa kupasuka, kwa hiyo naandika haraka na mwandiko mtausamehe.

Siyo yeye wa mtoni. Maabara wamethibitisha kwa mate ya mama mkubwa Alphonsine. Siyo yeye.

Bado kuna jambo. Tangu jioni ile neno lile 'watatu' lilimnyima afande Halldorson usingizi. Akasema, kama wao polisi walilisikia vibaya neno 'mama', inawezekana na wengine wamelisikia vibaya. Akaandika kwenye vituo na hospitali za mikoa ya jirani. Hakuuliza kama wana mwanamke anayeitwa Noella Castel. Aliuliza kama wana mwanamke wa Kikri, asiye na karatasi, ambaye akiulizwa mama yake anataja majina matatu.

Nesi mmoja huko magharibi, kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, alipiga simu siku hiyohiyo. Alisema, "Tunaye. Tunamwita Bi. Sisip."

Aliokotwa kando ya barabara kuu mwaka ule aliopotea, amepigwa kichwani, hana mkoba. Kiingereza kilimpotea, kikabaki Kikri. Walimuuliza jina, akasema Sisip. Walimuuliza kwao, akasema ziwa refu, na nchi hii ina maziwa kama kichwa kina nywele. Walimuuliza mama yake nani, leo akasema Alphonsine, kesho Ernestine, keshokutwa Bertha. Daktari akaandika: amechanganyikiwa. Nesi anasema alikuwa akiyataja majina hayo kwa vidole vyake, moja, mbili, tatu, na wakimkosoa anakasirika.

Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Alikuwa anawaambia.

Afande alinichukua kwa gari lake, tukaenda siku nzima kwenye theluji. Njia nzima nilikuwa najiambia, asiponijua nitafanyaje. Alikuwa amekaa dirishani. Nywele wamemkata vibaya na mguu mmoja anauburuta. Alinitazama muda, nikaona macho yanaanza kupotea kwenye mashavu kama kwenye ile picha. Akasema kwa Kikri, "Dorinda. Umenenepa."

Nililia mpaka nesi akaniletea dawa. Afande alitoka nje akasema anakagua matairi. Alikagua matairi muda mrefu sana.

Hakumbuki aliyempiga. Afande anasema faili lake sasa lina kichwa kingine juu, si cha kupotea bali cha kushambuliwa, na hataliacha. Analo gari fulani analolifuatilia. Mimi namwamini, na si kwa sababu ya mkate.

Madaktari wakimruhusu, namleta kwa ndege barafu ikishaondoka.

Dorinda

*

Ziwa Refu, 6 Juni 2004

Mwanangu Dorinda,

Marahaba kutoka kwetu wote, na sasa tuko wengi. Tangu mlipoondoka na ile ndege, wewe na afande wako, maji yametulia na mbu wameamka. Mwambie viatu vyake vilivyolowa tumevikausha kwenye kibanda cha moshi. Sasa vinanuka samaki, lakini vimekauka.

Sisip anakula. Anaongea kidogo, kila siku neno la ziada. Mguu bado mzito, lakini jana alijivuta mpaka gatini akatumbukiza miguu majini, akakataa kutoka hata Bertha alipomtishia fimbo. Usiku mwingine anaamka na hofu. Tunapeana zamu, anayeamshwa anakaa naye kitandani, kesho yake analalamika kwamba amechoka, na wenzake wanamwonea wivu.

Leo asubuhi tulikuwa jikoni wote. Mimi nakaanga mkate, Bertha anahesabu karata, Alphonsine anatafuta miwani iliyo kichwani mwake. Sisip akaita kutoka chumbani, "Mama!"

Tukaitika watatu. Tukaenda mbio watatu, tukabanana mlangoni, mabega ya Bertha unayajua. Mkate ukaungua. Na yeye alikuwa amekaa kitandani anacheka, hakuwa anataka kitu chochote. Alitaka kuona kama tutakuja.

Sasa jambo langu, na hili umpelekee afande kama lilivyo. Yule mwanamke wa mtoni. Unasema bado hana jina, hakuna aliyekuja kumuulizia. Miezi ile yote tulimwomba Mungu asiwe wetu, na Mungu akatusikia, na siku tuliyosherehekea nilimuona Alphonsine amesimama pembeni. Tuliweka sahani ya yule wa mtoni mezani, karibu na ya Sisip. Alphonsine ameshona jozi ya pili ya viatu, vyenye shanga vilevile. Hajui unyayo wake, kwa hiyo amekisia, na ameacha kamba ndefu za kukazia. Vimo kwenye kifurushi hiki. Avishwe.

Na mwambie afande asije akalifunga faili lake. Wakimuuliza pale kituoni mama wa huyo binti ni nani, asiache mahali hapo patupu. Aandike Alphonsine, Ernestine na Bertha, wa Ziwa Refu. Na safari hii wakipiga simu dukani kuuliza kama sisi ndio mama yake, tutajibu ndiyo, na hatutakuwa tumekosea.

Mama yako mdogo,
Ernestine